Rangi ya Injini

Mtu mmoja alikuwa na pikipiki, naye aliinunua kwa sababu moja tu: mguu wa mama yake. Mtu huyo aliitwa Lubinza. Mama alikuwa na kidonda kisichofunga, na kila Jumanne ilibidi afike zahanati kusafishwa, mwendo wa kilomita kumi na mbili kwenye barabara ya changarawe.

Mwezi wa kwanza haujaisha, Lubinza aliona alama kwenye injini. Kokoto zilizorushwa na gurudumu la mbele zilikuwa zimebandua rangi nyeusi, mahali padogo kama punje ya mtama. Ilimuuma. Akawaza kwamba chuma kikiachwa wazi kitaota kutu, kutu itaila injini, na injini ikifa mama hatafika zahanati. Mimi sioni kosa katika mawazo hayo. Mnaliona ninyi?

Basi akakata mpira wa tairi kuukuu, akauzungushia injini yote, na juu yake akakaza gunia kwa kamba. Majirani wakamsifu. Wao ni watu wa kuacha nailoni ya dukani kwenye kiti mpaka ichanike yenyewe, kwa hiyo walimwona kuwa mwenzao. Hata hivyo hakutulia. Penye kokoto nyingi zaidi alimwomba mama ashuke atembee, huku yeye akiisukuma pikipiki taratibu. Mama alichechemea nyuma yake na hakulalamika.

Jumanne moja mama aliamka na homa, mguu umevimba. Siku hiyo Lubinza hakumshusha. Aliikimbiza pikipiki kwa nguvu zake zote, na katikati ya njia injini ikalia vibaya, ikanoki kwa joto, ikazima. Injini ya namna ile hupozwa na upepo wa njiani, naye alikuwa ameuzuia upepo kwa mikono yake mwenyewe. Akafungua gunia, akafungua mpira unaofuka moshi. Rangi haikuwa na alama mpya hata moja. Aliizunguka pikipiki mara mbili, akazikagua kokoto za barabarani moja moja kana kwamba zimemdanganya, asijue amkasirikie nani.

Mama alikuwa ameketi kando ya barabara. Akamuuliza, "Mwanangu, kwani ulikuwa unalinda nini?"

Mkokoteni wa ng'ombe uliwafikisha zahanati jioni, wakapelekwa hospitali ya wilaya, na huko mguu ukakatwa chini ya goti.

Nimeusimulia mfano huu mara nyingi na bado unanichanganya. Ningependa kumwita mwana mbaya, nilale usingizi, lakini hakuwa mwana mbaya. Alimpenda mama yake tangu mwanzo, na kila alichofanya alikifanya kwa ajili yake. Basi nisaidieni ninyi mnaonisikiliza: ni siku gani hasa aliacha kumtunza mama, akaanza kutunza rangi?