Kiboko wa Magogo

Hivi ninyi mliojikusanya hapa, mmewahi kumwona kiboko wa magogo akinusa jiwe?

Hapo kale, na kale yenyewe ni juzi, zimwi liliumeza mto wetu. Bi Nyamvula, msusi wa mikeka, akasema: "Mjengeni kiboko kwa vitu mtakavyookota. Kila mtu aweke chake kwa mkono wake, ndipo kiboko atalitapisha zimwi mto wetu."

Tukaokota magogo, mawe na mafunjo, hata sisi wenye digrii za kufungia maandazi. Kiboko akafumbua jicho. Akabaki chifu tu ambaye hajaweka chake.

Chifu akamtuma karani na jiwe. Kiboko akanusa: "Si mkono wake." Akamtuma dereva na kijiti. "Si mkono wake." Mara ya tatu karani akaja na kibao cha shaba: MRADI WA CHIFU.

Bi Nyamvula akamuuliza: "Wee karani, bosi wako kuinama mpaka aitishe kikao?"

"Ni protokali, Bibi."

Karani akakipigilia kifuani mwa kiboko. Kiboko akaporomoka gogo kwa gogo, mto ukabaki tumboni mwa zimwi.

Tumemjenga upya, pengo moja liko wazi ubavuni. Chifu, shuka garini. Inama, okota jiwe lako, ulilete mwenyewe, leo!