Tundu Moja kwenye Karatasi

Ndugu zangu, mnajua kuna mchezo wa kulenga shabaha ambao mtu hasimami? Anakaa kwenye kiti, bunduki imelazwa mezani juu ya mifuko ya mchanga. Anapiga risasi tano kwenye karatasi iliyo mbali, na shauku yake ni kwamba zote zipite mahali pamoja.

Palikuwa na bwana mmoja aliyestaafu, huko nyanda za juu, aliyeupenda mchezo huo kuliko usingizi. Risasi za dukani hakuzitaka. Alijitengenezea mwenyewe katika chumba cha nyuma: anapima baruti kwenye mizani ndogo, anaimimina ndani ya ganda, anakishindilia kichwa cha risasi taratibu. Akienda uwanjani zikitawanyika, anarudi kupunguza baruti kidogo na kujaribu tena.

Mwanzoni mkewe alikuwa akienda naye. Alikaa kando yake akitazama vibendera vya uwanjani vinavyoonyesha upepo, amwambie upepo umegeukia wapi. Siku moja risasi ikaenda pembeni, bwana akafoka, "Umechelewa kusema! Kuanzia leo nitatazama mwenyewe."

Jioni ile mama akamletea chai chumbani. "Baba Naisiae, nikae nawe kidogo?"

"Ukipumua hapa mizani inacheza. Nenda sebuleni."

Akaenda. Akakaa sebuleni miezi mingi. Hatimaye akafunga mkoba wake kwenda kwa binti yao. Alisimama mlangoni akasema, "Sijakasirika. Naenda kwenye nyumba ambayo watu wanaongea."

Bwana alimsikia. Unadhani aliinuka? Alikuwa katikati ya kupima.

Basi akabaki peke yake, na kwa kweli akawa hodari. Akajifunza kutoibana bunduki, kugusa kifyatulio kwa ncha ya kidole tu, kungoja upepo utulie. Asubuhi moja, uwanja mtupu, akapiga tano. Akaenda kuitazama karatasi. Tundu moja! Lilikuwa pana kuliko risasi kwa unywele tu. Akageuka aseme, "Umeona?" Hapakuwa na mtu.

Akaipeleka karatasi kwa msimamizi wa klabu. Yule akaiinua kwenye mwanga.

"Umepiga ngapi, mzee?"

"Tano."

"Mimi naona tundu moja. Nani alikuwa nawe?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Basi siwezi kuipokea, mzee wangu. Hata aliyepata moja na kukosa nne huniletea karatasi kama hii."

Akarudi nyumbani. Akaiweka karatasi mezani, akaitazama mpaka akaichoka. Mwishowe akampigia mkewe simu.

"Mama Naisiae, leo zote tano zimepita tundu moja. Hakuna anayeniamini."

"Mimi nakuamini," mama akasema. "Umekula?"

Bwana akalia, mtu mzima yule, simu ikiwa sikioni. Alipopata sauti akauliza, "Utarudi?"

"Sijui, Baba Naisiae. Kula kwanza."

Wapendwa, mimi silaumu bidii ya bwana yule. Bidii ni njema. Lakini ni nani aliyemwambia kwamba mke wake ni upepo wa kuzuiwa? Na sisi je? Tunafunga, tunakesha kwenye maombi, tunajenga, tunasomesha, tunataka kila kitu kinyooke. Anayetukaribia tunamwambia anatuvuruga. Mtoto ananyamaza. Mzee wako anaacha kukupigia simu. Wewe unasema, "Afadhali, sasa nina utulivu." Ule si utulivu, ndugu yangu. Umeachwa.

Usingoje mpaka ufanikiwe ndipo utafute wa kumwambia. Yupo mtu ambaye ukimpigia leo hatakuuliza umepata nini. Atakuuliza kama umekula. Unamjua. Jina lake limekujia sasa hivi, hapo ulipokaa. Tukitoka hapa, kabla hujafika nyumbani, mpigie.