Viti Viwili vya Harusi ya Zamoyoni

"Rangi hutoka koponi, maana hutoka moyoni." Mmemsikia mama yenu akiyasema maneno hayo, nanyi mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Kisa chake ni hiki, wajukuu zangu.

Hapa Ujiji palikuwa na seremala aitwaye Selemba. Aliagizwa viti vya harusi ya Zamoyoni, kikubwa cha bwana na kidogo cha bibi, na rangi zake zioneshe kipi cha kiume, kipi cha kike. Selemba akakipaka kikubwa rangi nyekundu, maana aliiona ina ukali, na kidogo bluu, rangi ya utulivu.

Bi Mashavu, nyanya wa bibi harusi, alipokuja kuvitazama akasema fundi amekosea. Kwao nyekundu ni ya mwari, mwanamume haikalii. Selemba akabadilisha. Kesho yake akaja Mzee Hamduni, babake bwana harusi, akachukia kumkuta mwanawe amewekewa bluu, rangi ya mitandio ya wakeze. Selemba akabadilisha tena.

Jioni wazee hao wakakutana karakanani. Bi Mashavu akasema mjukuu wake haolewi na watu wasiojua mwanamke ni nani. Hamduni akajibu kwamba basi posa ivunjwe. Selemba alisimama na brashi mkononi, asijue aanze na kiti gani.

Zamoyoni, bibi harusi mwenyewe, akaitwa. Akavitazama viti vyote viwili.

"Mimi rangi ya mwanamke siijui," akasema. "Marehemu mama alipenda bluu, nami naitaka hiyo. Lakini kama itanikosesha mume, nipakieni hata jivu."

Hamduni akamgeukia Selemba. "Hebu tuambie, fundi. Ya kiume ni ipi?"

"Mzee wangu, mara ya kwanza nilijua. Sasa nimepaka mara tatu na sijui tena. Rangi nimeitoa koponi. Maana kila mmoja wenu amekuja nayo moyoni."

Bi Mashavu, aliyekuwa akimfikiria binti yake marehemu, akaketi kwenye kiti chekundu bila kukumbuka kwamba hakijakauka. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwacheni akalie bluu ya mamake."

Harusi ikafanyika. Hata siku hiyo, nusu ya wageni walimwelekeza bwana kwenye kiti cha bluu, nusu kwenye chekundu, naye akabaki amesimama katikati hadi Zamoyoni alipomshika mkono akamketisha kwenye chekundu, naye akakalia cha bluu.

Basi mkimsikia mama yenu tena, mtajua anasema nini: rangi hutoka koponi, maana hutoka moyoni.