Saa ya Uso wa Zamani na Moyo Mpya

Sogeeni. Mwenye karanga za kumenya aendelee kumenya, mimi naomba masikio tu. Hadithi hii nitaianza mimi, lakini kuimaliza ni kazi yenu. Kwa hiyo sikilizeni kwa haki, msimpende mtu kabla hajasema lake.

Katika mji mmoja wa milimani, kule ambako asubuhi ukungu huingia mpaka jikoni, walikuwako vijana watatu.

Wa kwanza aliitwa Mwamvua. Kipaji chake kilikuwa kutunza. Kitu kikiingia mikononi mwake hakikuchakaa ovyo. Kanga za marehemu bibi yake bado zilikuwa na rangi zote, na sufuria yake ya wali ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele.

Wa pili aliitwa Hoza, binamu yake Mwamvua. Kipaji chake kilikuwa kuelewa vitu vipya. Iwe simu, iwe redio, iwe mashine ya kusaga, Hoza alikuwa ameshaijua kabla boksi lake halijatupwa.

Wa tatu aliitwa Nakijwa, naye hakuwa ndugu yao. Alikuwa fundi saa, mwenye meza ndogo pembeni ya soko. Kipaji chake kilikuwa subira ya vidole. Alishika skrubu ndogo kuliko chembe ya ulezi huku akijibizana na wauza ndizi, na mkono wake haukutikisika. Alikuwa ametengeneza saa za nusu ya mji, lakini yeye mwenyewe hakuwa na saa. Mtu akimwuliza saa ngapi, alitazama mezani akajibu, "Unataka ya nani? Ya mwalimu inasema saa nne. Ya muuza nyama inasema twende tukalale."

Sasa, Mwamvua na Hoza walikuwa na babu, Mzee Shekiondo, aliyepata mali kwa kupeleka matunda ya baridi mijini. Mzee huyu hakujali magari wala maghorofa. Alipenda saa. Alipokuwa kijana na mavuno yakamkubali, alinunua saa ya mkononi iliyoitwa Delmora, saa ya Uswisi, ya bei ambayo mtu akitajiwa hutafuta pa kukaa. Alipozeeka, kampuni ileile ikatoa Delmora mpya, naye akainunua. Tangu hapo akawa anavaa zote mbili, ya zamani kushoto na mpya kulia. Watu walimtania, naye aliwajibu, "Kushoto nakumbuka, kulia nawahi."

Delmora ya zamani ilikuwa ndogo, yenye mkanda wa ngozi. Uso wake ulikuwa mweupe enzi hizo, sasa umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kila asubuhi ilibidi uzungushe kitufe chake cha pembeni, la sivyo ingelala. Ukiiweka sikioni, ilisema nawe.

Delmora mpya ilikuwa kubwa na nzito, yenye cheni ya chuma. Kioo chake hakikukwaruzika hata kwa msumari. Haikuhitaji kuzungushwa kitufe, maana ilijijaza yenyewe kila ulipotikisa mkono. Ukiiweka sikioni, ilinong'ona.

Mwamvua aliipenda ya zamani tangu alipokuwa mtoto mchanga, kwa sababu babu alikuwa akimbembeleza kwa kumwekea sikioni. Hoza aliipenda mpya tangu siku ilipofika, kwa sababu babu alimpa yeye aifungue.

Ikawa magoti ya mzee yameichoka baridi. Mwanawe aliyeko Mwanza akamwita akakae naye kwenye joto. Mzee akawaita wajukuu wake.

"Ya zamani ni ya Mwamvua," alisema. "Mpya ni ya Hoza. Chukueni mzivae. Siku ya kuondoka nitazitazama, na nikizikuta zinakwenda, ni zenu moja kwa moja. Saa iliyokufa naondoka nayo mimi. Siwezi kumwachia saa mtu aliyeiua mwenyewe."

Mji mzima ulijua kwamba neno la Mzee Shekiondo likishatoka halirudi.

Basi, mnadhani walizifungia sandukuni? Waliondoka nazo mkononi mpaka mtoni, kuosha karoti za soko. Na huko wakaanza yao.

"Saa yako ni mgonjwa," Hoza alisema. "Kila asubuhi lazima uiamshe na kuilisha."

"Afadhali inayojua nani anailisha," Mwamvua alijibu. "Hiyo yako, hata ukipiga mbuzi fimbo inashiba. Haijui bwana wake."

"Yangu inaingia majini ikatoka inacheka. Yako ikiona wingu tu inapiga chafya."

Mwamvua aliumia. Unaweza kumtukana yeye akanyamaza, lakini si saa ya babu. Akachota karoti kwa mkono wa kushoto, saa ikiwa mkononi, akauzamisha mtoni mpaka kwenye kiwiko. "Haya, tazama."

Hoza akatazama. Mwamvua alipoutoa mkono, chini ya kioo maji yalikuwa yanacheza kama kwenye kikombe, na mishale imesimama.

Hoza alicheka. Alicheka mpaka akajikunja, na kama mnavyojua watu wa kucheka kwa mwili mzima, akapiga mwamba kwa kiganja. Mara ya pili akaupiga kwa kifundo cha mkono. Mkono wenyewe ulikuwa wa kulia, wenye saa.

Kile kioo kisichokwaruzika kilipasuka vipande vipande. Uso ukakatika, mishale ikarukia kwenye karoti.

Hoza akautazama mkono wake.

"Umeona sasa," Mwamvua alisema.

"Nimeona," Hoza alijibu. "Ila sioni ni saa ngapi."

Walimfuata Nakijwa, saa mbili zimefungwa kwenye ncha ya kanga moja. Nakijwa alifungua ya zamani kwanza, akaitazama kwa lenzi yake, akatikisa kichwa. Tope lilikuwa limeingia mpaka kwenye magurudumu, na uzi wa chuma unaoipa pumzi ulikuwa umekatika. Mashine ya namna ile, alisema, haitengenezwi tena popote. Kisha akaichukua mpya, akaiweka sikioni.

"Hii inanong'ona," alisema. "Uso hauna, lakini moyo unapiga."

Wote watatu wakazitazama zile saa, moja ikiwa na uso bila moyo, nyingine ikiwa na moyo bila uso. Halafu wakatazamana. Mpaka leo kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye aliyesema kwanza kwamba ule moyo mpya utiwe nyuma ya ule uso wa zamani, kwa hiyo hapo msimpe mtu alama.

"Malipo yako?" Hoza aliuliza.

"Pesa zenu sizitaki," Nakijwa alisema. "Babu yenu akiuliza saa ni ya nani, jina langu liwemo. Mkikubali, naanza."

Walikubali haraka, kama mtu anayezama anavyokubali kamba.

Sasa nitawaeleza kazi ya kila mmoja, na ninyi pimeni.

Mwamvua alichukua ule uso wa zamani, ambao maji yalikuwa yameanza kuuchora mawimbi. Aliukausha kwa pamba na kwa pumzi yake, taratibu, pasipo kufuta hata namba moja. Kioo chake cha plastiki, kilichojaa mikwaruzo ya miaka yote ya babu, alikisugua kwa dawa ya meno mpaka kikawa kama tone la maji. Mkanda aliupaka mafuta ya nazi ukalainika. Mtu mwingine yeyote angeuharibu uso ule, na saa ingebaki bila sura.

Hoza alirudi mtoni akazipekua karoti moja moja mpaka akaipata mishale, na kitufe cha pembeni ambacho nacho kilikuwa kimerukia kwenye mchanga. Kisha mashine mpya ikagoma kutoka katika chuma chake, kwa kuwa ilikuwa imefichiwa komeo dogo ambalo Nakijwa hakuwahi kuliona. Katika mji ule hakuna mtu mwingine aliyekuwa na saa ya namna hiyo. Hoza aliigeuza, akaitazama, akaigeuza tena, akabonyeza mahali pamoja, nayo ikatoka salama. Mtu mwingine yeyote angeilazimisha, na saa ingebaki bila moyo.

Nakijwa alikuta moyo ule unacheza ndani ya tumbo lile la zamani, kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba. Akakata kipande cha bati, akachonga pete nyembamba, akaipima, ikakataa, akachonga nyingine. Nyingi zilikataa. Wauza ndizi walimwambia aitupe, naye akawaambia ndizi zao zinaiva bure. Mwisho pete moja ikakaa, akapachika mishale, akafunga mgongo. Mtu mwingine yeyote angekata tamaa, na uso na moyo visingekutana.

Saa ikaenda.

Na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo hawakulitegemea. Mwamvua aliivaa siku moja ili kuijaribu, akaamka asubuhi akaikuta inakwenda bila kuizungusha. Akajikuta anafurahi. Hoza naye aliivaa siku moja, na kila aliyepita njiani, wazee kwa vijana, alisimama kumwuliza habari za ule uso. Ile mpya yake haikuwahi kusimamisha mtu. Nakijwa aliivaa jioni moja tu. Mteja alipomwuliza saa ngapi, alitazama mkononi mwake mwenyewe akajibu, "Saa kumi na moja na robo," na hakufanya mzaha wowote.

Ikafika siku ya kuagana. Mabegi ya mzee yalikuwa mlangoni, pilau imeshuka, majirani wamejaa uani. Wale watatu wakamwekea saa kiganjani wakamweleza yote, hata lile la kucheka.

Mzee Shekiondo aliutazama ule uso kwa muda mrefu. Akaiweka sikioni. Akaitazama tena. Kisha akacheka mpaka kofia ikaelekea kuanguka.

"Uso ni wa ujana wangu," alisema. "Sauti ni ya uzee wangu. Haya, inakwenda, sina ugomvi. Neno langu mnalijua. Ya zamani ni ya Mwamvua, mpya ni ya Hoza. Niambieni, hii ni ipi?"

"Ya zamani, Babu," Mwamvua alisema. "Umeitambua kwa kuiona tu, kabla hata ya kuuliza. Mtu akitibiwa moyo hospitali, akirudi nyumbani mkewe hamwiti mgeni. Na saa husomwa usoni. Hakuna anayesoma tumbo."

"Mpya, Babu," Hoza alisema. "Ulisema ziwe zinakwenda. Kinachokwenda hapo ni changu. Ukikitoa, Mwamvua anabaki na bangili nzuri sana, avae harusini."

"Bangili ya babu yako," Mwamvua alimrushia.

"Shikamoo bangili," Hoza akasema, na uani wakacheka.

Nakijwa alingoja wamalize. "Mzee, hawa waliniletea vitu viwili vilivyofungwa kwenye kanga. Hakuna kati yao aliyekuwa na saa. Hii si ya zamani wala si mpya. Imezaliwa mezani kwangu, na mtoto huulizwa amezaliwa na nani, haulizwi nguo kapewa na nani."

"Lakini neno langu halikukutaja wewe, binti yangu," mzee alisema kwa upole.

"Halikunitaja, Mzee. Lao ndilo lililonitaja. Na wao ni wajukuu wa mtu ambaye neno lake halirudi."

Uani pakawa soko. Kinyozi Mbelwa alisema apewe fundi, watu wakamwambia anatetea mafundi wenzake. Mama Shemdoe, jirani, alisema apewe Mwamvua, halafu akamsikia Hoza akahamia kwa Hoza, halafu akaomba apewe chai. Mtu mmoja akasema wavae kwa zamu.

"Zamu hapana," mzee alikata. "Saa ya zamu haina mwenyewe. Sikilizeni. Huko Mwanza nitakuwa na mkono wa kushoto mtupu na wa kulia mtupu. Kila asubuhi nitapiga simu kuuliza, 'Ni saa ngapi huko nyumbani?' Nataka nijue ninampigia nani. Anayevaa saa hii ndiye atakayekuwa anapokea simu yangu mpaka mwisho."

Hapo hata Hoza aliacha kutabasamu. Mwamvua alitazama chini. Nakijwa, ambaye hakuwa na babu wala mtu wa kumpigia simu, alishika ncha ya mtandio wake akaikunja, akaikunjua.

Mzee akaiweka saa juu ya kinu kilichopinduliwa, katikati yao. "Nakwenda kusali alasiri," alisema. "Nikirudi, mnipe jina moja."

Akatoka na fimbo yake. Watatu wakabaki wamekaa wakiizunguka ile saa, uso wa zamani ukiwatazama, moyo mpya ukinong'ona. Hakuna aliyenyoosha mkono kuichukua, na hakuna aliyeinuka akaondoka.

Mimi nimejaribu. Nikisimama upande wa Mwamvua, namwona Hoza mtoni akizipekua karoti. Nikienda kwa Hoza, naziona zile pete za bati zilizokataa. Nikienda kwa Nakijwa, nasikia ile saa ikimbembeleza mtoto mchanga. Kwa hiyo nawaachia ninyi, na wewe uliyeacha kumenya karanga ndiwe utakayeanza. Saa ile ni ya zamani, ni mpya, au ni nyingine kabisa? Wewe ungemfungia nani mkononi?

Lakini usikawie sana kujibu. Watu wameanza kutoka msikitini, na fimbo ya mzee inasikika njiani.