Zamu ya Alhamisi

Mtu mmoja alikuwa na kipande cha shamba la maharage chini ya mfereji, huko milimani Upare. Jina lake Mbonea. Mfereji ule hutoka bwawani, huteremka ukipita kando ya mashamba mengi, na kila shamba lina kilango chake cha maji na zamu yake. Alhamisi asubuhi ilikuwa zamu ya Mbonea.

Sheria ya mfereji haijaandikwa popote, lakini kila mtu anaijua. Mwenye zamu hupanda bwawani alfajiri. Mzee wa mfereji akishazibua, mwenye zamu huteremka pamoja na maji, akifunga vilango vya wenzake kimoja baada ya kingine kwa udongo na magome ya mgomba, mpaka maji yafike kwake. Kisha hurudi juu kulinda, maana udongo hulainika na vilango huvuja. Ni kazi ya asubuhi nzima, na miguu huganda kwa baridi. Asiyefika, maji yake huenda kwa anayemfuata. Na anayenywesha shamba kwa maji yasiyo yake hunyimwa maji msimu mzima.

Wiki ile maharage yalipoanza kutoa maua, Mbonea alianguka kutoka juu ya paa akibadilisha bati, akavunjika mguu. Ukafungwa plasta kuanzia kwenye paja mpaka kwenye kifundo. Mkewe, Namsifu, alikuwa na mimba ya miezi minane, na muuguzi alikuwa amemkataza kupanda mlima. Maua ya maharage hayangoji mtu apone. Yakikosa maji kwa wiki moja hudondoka, na ua likidondoka hakuna ganda. Maharage yale ndiyo yalikuwa chakula cha nyumba ile mpaka mwaka mwingine, na mbegu pia, na mtoto alikuwa njiani.

Mbonea aliogopa. Aliogopa tangu anapoamka mpaka anapolala, akiwaza Alhamisi tu. Angeweza kuomba msaada, lakini kila alipotaka kufungua kinywa alikumbuka kwamba yeye mwenyewe, tangu arithi lile shamba, hakuwahi kumsaidia mtu kufunga vilango siku ya zamu yake. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi tu kulifikiria jambo hilo.

Jumatano watu wa jumuiya walikwenda kumwona. Walikuwa kumi na mmoja, wakajaa chumba kizima hadi mlangoni. Waliimba vizuri. Waliomba kwa zamu na kwa kirefu. Mmoja alimsihi Mungu afungue madirisha ya mbinguni, mwingine aliwataja watu wa Biblia waliopata maji jangwani. Ikaundwa kamati ya watu watatu kuangalia namna ya kumsaidia ndugu yetu, ilete taarifa baada ya majuma mawili. Chai wakanywa. Aliyeipika ni Namsifu, na tumbo lake lile.

Katika wale kumi na mmoja alikuwemo mama mmoja, Nakiete, aliyekaa karibu na mlango. Ilipofika zamu yake ya kuomba alisema, "Bwana, umwone Mbonea," akanyamaza. Wengine walingoja aendelee, kisha wakatazamana. Nakiete hakuwa na kipaji cha kuomba mbele za watu, na hilo lilijulikana. Shamba lake lilikuwa chini ya shamba la Mbonea, na zamu yake ilimfuata Mbonea moja kwa moja. Mbonea asipofika mferejini, maji yangekuwa yake.

Wakaondoka. Hakuna aliyeuliza nani atapanda bwawani kesho.

Alhamisi Mbonea alikaa kizingitini, mguu juu ya kigoda, akiutazama mfereji mkavu. Jua lilipoanza kuchomoza alisikia maji. Yalikuja, yakakuta kilango chake kikiwa wazi, yakaingia shambani kwake mfano wa siku zote. Hakuna mtu aliyeonekana.

Alifurahi kwa muda wa pumzi moja. Halafu hofu ikamrudia kwa sura nyingine. Nani ameyaleta? Na kama hakuna aliyeyaleta, si yatakuwa maji ya Nakiete? Alikumbuka kwamba mwaka juzi mbuzi wa Nakiete aliingia katika maharage, naye akamfokea yule mama njiani, watu wakisikia. Nakiete hakujibu neno. Mbonea hakwenda kumwomba radhi. Sasa alijiambia kwamba mtu aliyenyamaza vile ameliweka moyoni, na anangoja siku yake.

"Maji yamekuja," mkewe alimwambia. "Yaache maharage yanywe."

Alhamisi ya pili maji yakaja tena. Namsifu alirudi kutoka kwa jirani akasema ameona kilango cha Nakiete kimezibwa kabisa, na shamba lake kavu. Mtu mwenye amani angelielewa jambo hilo mara moja. Mbonea alilielewa kinyume. Anakusanya ushahidi, aliwaza. Atamwonyesha mzee wa mfereji: tazama, langu kavu, la Mbonea linanywa, na Mbonea hajakanyaga bwawani. Juma lile zima hakula vizuri. Kila mtu aliyepita barabarani, Mbonea alidhani anakwenda kumshtaki.

Alhamisi ya tatu hakungoja. Kabla maji hayajafika alishuka kizingitini kwa makalio, akajiburuta mpaka kwenye kilango chake, plasta ikilowa tope, akakiziba kwa mikono yake. Maji yalipofika yalisita kidogo pale, yakapita. Yakapita na kilango cha Nakiete pia, maana nacho kilikuwa kimefungwa, yakateremka hadi mtoni. Hayakumfaa mtu. Mbonea alikaa chini akiyatazama yakienda, naye akajisikia salama kwa mara ya kwanza tangu alipovunjika mguu.

Jua lilikuwa limepanda Nakiete alipotokea juu, akiufuata mfereji. Sketi ameikunja, miguu ina tope mpaka magotini, mkononi ana jembe na magome ya mgomba. Alisimama akakitazama kilango. Akamtazama Mbonea.

"Nani amefunga, mwanangu?"

"Mimi," Mbonea alisema. "Niliogopa, mama. Nilidhani ni maji yako."

Nakiete aliinama, akaanza kuuondoa ule udongo kwa vidole. Hakuharakisha, ingawa mfereji ulikuwa umebaki na maji kidogo sana.

"Zamu ni yako," alisema. "Mimi nilikuazima miguu."

Mbonea alimuuliza mbona hakumwambia. Akajibu kwamba bwawa huzibuliwa alfajiri, na angepitia kwanza kwa Mbonea kupiga hodi na kueleza, maji yangempita; na kazi ikiisha hakuona kuna la kueleza. Basi, hiyo tu ndiyo ilikuwa siri yake. Mbonea akalia pale chini, mbele ya yule mama, akamwomba radhi kwa ajili ya mbuzi. Nakiete alikuwa amekwisha kumsahau mbuzi. Alimshika kwapani akamrudisha kizingitini.

Maua ya upande wa juu yalidondoka juma lile. Ya upande wa chini, ambako ardhi hushika unyevu, yamebaki, na yameanza kufunga. Yakipata maji mara moja tu zaidi, nyumba ile itakula. Yakikosa, sijui.

Ndugu zangu, nimeanza kwa kusema mtu mmoja, kama watu wasemavyo wanapotaka habari iwe ya mbali. Si ya mbali. Wimbo ulioimbwa nyumbani kwa Mbonea naujua, kwa sababu niliuanzisha mimi. Kamati ile mwenyekiti wake ni mimi, na hatujakutana. Mimi ndiye niliyemtazama jirani yangu pale Nakiete alipoomba kwa maneno matatu, nikaona aibu kwa niaba yake. Leo naona aibu kwa niaba yangu.

Nimefikiri sana juu ya kile kilango. Namlaumu Mbonea kwa kuuziba wema kwa mikono yake, kisha najiuliza ni nani aliyemfundisha kuwa wema hauji bila sababu. Alikuwa ameishi katikati yetu miaka thelathini na minne. Alikuwa ametusikia tukihubiri upendo kila Jumapili, na upendo ulipofika mlangoni pake hakuutambua, akadhani ni mtego. Hilo linaninyima usingizi kuliko maua yaliyodondoka. Bwana wetu alipotaka kuwaonyesha wake jinsi anavyowapenda, alishika beseni, akaishika miguu yao yenye vumbi. Hakuunda kamati.

Sikusema haya ili tumsifu Nakiete. Yeye mwenyewe hayupo hapa, na angekuwepo angetoka nje. Ana homa tangu Jumatatu. Nimepita kwake mchana huu. Amelala, anatetemeka, na neno aliloniambia ni moja tu, kwamba kilango cha tatu kutoka bwawani kinavuja sana na kinahitaji magome mawili.

Leo ni Jumatano. Tutaimba, tutaomba, tutarudi kila mtu kwake. Mbonea amekaa kizingitini anausikiliza mfereji, na mkewe anahesabu siku. Kesho alfajiri mzee atazibua bwawa, iwe kuna mtu amefika au hakuna.

Kesho jua likichomoza, miguu ya nani kati yetu itakuwa na tope?