Mbio za Kobe wa Siwatu

Siwatu alifungua kampuni ndogo ya mbio za kobe kwa mtaji wa shangazi zake wawili, waliouza mbuzi wao wote. Mara akatokea Bwana Mgeta, mkaguzi wa kamari.

"Leseni ni milioni hamsini. Huna? Funga!"

Siwatu akatabasamu. "Mheshimiwa, kamari ni bahati. Hapa kobe wa bluu hushinda kila siku. Bahati iko wapi?"

Mgeta akameza mate. Ili naye aweze kucheza, upesi akaandika barua, "Hii si kamari, haihitaji leseni," akaigonga muhuri, akampa Siwatu. Kisha akaweka dau la mshahara wake wote kwa kobe wa bluu.

Mbio zilipoanza, kobe wa bluu akalala palepale mstarini.

"Tapeli! Nakushtaki kwa kamari!"

"Kamari gani, mheshimiwa?" Siwatu akauliza, akiipeperusha ile barua.