Jina Moja kwa Mashine ya Chai

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya juzi tu, kiwanda kimoja cha chai huko milimani kililetewa mashine mpya ya kunyausha majani. Ilikuja na nafasi moja ya mafunzo mjini, moja tu. Atakayekwenda ndiye atakayeiendesha. Na wengine? Meneja alisema, "Tutaona." Nanyi mnaijua "tutaona" ya mameneja.

Aliyetakiwa kuandika jina ni msimamizi, Mama Hoza. Tangu siku hiyo roho yake ikawa juu juu.

Kosa alilifanya siku ya majaribio. Mashine iliuliza swali kwa maandishi, hakulielewa, akaona aibu kuuliza mbele ya walio chini yake. Akabonyeza tu kitufe cha kijani. Joto likapanda.

Wa kwanza kushtuka alikuwa Mzee Shemweta. Kwa miaka ishirini na miwili, hapakusagwa jani pale kabla hajachota konzi moja, akalifumbata, akalinusa, akasema, "Limelala," yaani limenyauka vya kutosha. Siku hiyo akapiga kelele, "Linaungua!" na moshi haujaonekana bado. Nakiete, karani aliyejifundisha kompyuta mwenyewe, akasoma kioo cha mashine, akajua pa kuzima, akaizima. Lakini majani yalikuwa bado ndani, na mlango wa mashine umekaza. Mbwana, mbeba magunia, akaung'oa kwa mikono mitupu, akatoa trei moja baada ya nyingine. Chai ikapona. Viganja vyake vikababuka.

Kesho yake wakamjia Mama Hoza mmoja mmoja.

"Mwanangu," akasema Mzee Shemweta, "mashine haina pua. Asiyejua jani atajifunza vitufe tu. Nipeleke mimi."

"Na kusoma je, mzee?"

"Nitasomewa."

Akaja Nakiete. "Mama, mzee namheshimu, lakini amebakiza miaka miwili astaafu. Elimu hiyo ataondoka nayo. Mimi nitaelewa kwa wiki moja." Ni kweli, akawaza Mama Hoza. Ila huyu naye ameomba kazi mjini mara mbili.

Mbwana akasimama mlangoni, bendeji mikononi. "Mashine inajibebea majani yenyewe, mama. Kazi itakayokufa kwanza ni yangu, na nina watoto wanne. Mnamfundisha kuogelea aliye nchi kavu, anayezama mnamtazama?"

Mama Hoza akainuka palepale. Akaenda kwa meneja kuomba nafasi ya pili.

"Hakuna," akasema meneja. "Tena nimewauliza wale watatu nani alibonyeza kile kitufe. Wote wamesema hawakuona. Mimi najua ni wewe. Msimamizi asiyeijua mashine anasimamia nini? Ukipenda, jiandike mwenyewe."

Hapo ndipo hofu ilipomkamata hasa. Wamemsitiri, wote watatu, na hakuna aliyemdai chochote.

Asubuhi ya Jumatatu fomu ikawa mezani, ina mstari mmoja mtupu. Nje wale watatu wanangoja. Kalamu ameishika, jina hajaandika.

Haya, nyinyi mnaotikisa vichwa hapo, mkaguna kana kwamba ni jambo jepesi! Mwenye pua, mwenye macho, mwenye mikono iliyoungua, au mkosaji aliyesitiriwa? Ishikeni nyinyi kalamu. Je, kwenye mstari ule mngeandika jina la nani, na wale wengine mngewatazamaje usoni?